Betri Inayolinda Kumbukumbu

Mnaijua mizani ya dukani: isipokaguliwa, mnunuzi hupunjwa. Na vyombo vya kupimia umeme ni vivyo hivyo.

Zamani fundi alivisahihisha kwa kuzungusha skrubu ndogo kwa bisibisi. Skrubu haisahau; nami naona mafundi wale walikuwa na raha yao. Katika miaka ya 1980 mambo yaligeuka. Mwaka 1989 kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani ilitoa kipimo cha umeme kiitwacho 3458A. Humo masahihisho ni tarakimu zilizotiwa katika kumbukumbu, na betri ndogo ya lithiamu huzihifadhi chombo kinapozimwa. Betri hiyo imefungiwa ndani ya kipande kimoja na kumbukumbu yenyewe. Huwezi kuiona, sembuse kuigusa. Umri wake ni kama miaka 10 hivi.

Je, ikifa? Chombo huwaka, lakini masahihisho yamepotea. Sharti kipelekwe kupimwa upya, na gharama yake si ndogo. Basi fundi mwangalifu hangoji. Kwanza hunakili tarakimu zote, betri ingali hai, ndipo hung'oa kipande kikuukuu, akatia kipya chenye tarakimu zile zile.