Modeli ya Avro Lancaster
Modeli ya Avro Lancaster ni mfano mdogo wa ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1941. Kwa kipimo cha 1:72, mabawa ya mita 31 toka ncha hadi ncha huwa sentimita 43 hivi. Vipande vya plastiki husuguliwa kwa msasa, kisha hugundishwa. Chumba cha rubani hupakwa rangi kabla ya kiwiliwili kufungwa, kwani baadaye brashi haifiki. Utamu wa kazi uko kwenye rangi: nyeusi tumboni na ubavuni, kijani na kahawia mgongoni, halafu alama za moshi wa injini nne za Merlin, zikififia kuelekea nyuma ya bawa. Zikizidi, ndege huonekana imechafuliwa tu, haionekani imetoka vitani.