Sataranji, Senterej na Soro: Ushahidi wa Majina na Kanuni

Baadhi ya waandishi wamezoea kuliita bao "sataranji ya Waafrika". Sifa hiyo hutolewa kwa nia njema, lakini inaficha mambo mawili. Kwanza, Afrika ya Mashariki ilikuwa na sataranji yake hasa, yenye kanuni za pekee. Pili, bao halihitaji kuazima heshima ya mchezo mwingine.

Neno sataranji limesafiri sana. Kisanskriti kilikuwa na chaturanga, yaani "viungo vinne", navyo ni vikosi vinne vya jeshi: tembo, magari ya vita, farasi na askari wa miguu. Waajemi walilitamka chatrang, Waarabu shatranj. Na Kiswahili, kisichopenda silabi funge, kikalijaza irabu. Kiamhari kikapata senterej.

Kilichohifadhiwa Ethiopia si jina tu. Kuelekea mwisho wa karne ya 15, wachezaji wa Ulaya walimgeuza waziri kuwa malkia apitaye ubao mzima. Waethiopia walibaki na ferz, yule waziri wa kale aendaye mraba mmoja kwa mshazari, na fil, yaani tembo, arukaye hadi mraba wa pili kwa mshazari. Ajabu kubwa zaidi ni mwanzo wa mchezo, ulioitwa werera. Hakukuwa na zamu: kila mmoja alisogeza kete zake apendavyo, kwa haraka au taratibu, huku akimchungulia mwenzake anavyojipanga, mpaka kete ya kwanza iliwe. Hapo ndipo zamu zilipoanza. Adabu nayo ilikuwa na nguvu ya kanuni: kumfunga mfalme kwa ngome au kwa farasi hakukuleta sifa, na mfalme aliyebaki peke yake hakuweza kufungwa. Richard Pankhurst aliandika historia ya mchezo huu mwaka 1971, wakati ambapo ulikuwa umekwisha kufifia.

Bao nalo lina mwanzo wake. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji ana kete 32: 10 hupangwa ubaoni, sita kati yake zikiwa katika nyumba, na 22 hubaki mkononi. Hizo huingizwa moja moja wakati wa namu. Zikiisha, huanza mtaji. (Bao la kujifunza halina namu, kila shimo huanza na kete mbili.) Anayeona hapa ndugu wa werera atakuwa amepotoka, kwani namu haivunji zamu kamwe, na kete iliyoliwa haitoki ubaoni bali huhamia upande wa mlaji.

Majina yanasema zaidi. Wanyarwanda huita mchezo wa jamii hii igisoro, Wasukuma isolo, Waluba kisolo. Philip Townshend aliichunguza michezo ya Zaire, Rwanda na Burundi katika kitabu chake cha mwaka 1977. Misafara ya karne ya 19 ilivuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji na kukieneza Kiswahili hadi upande wa Fizi, ziliko Baraka na Nundu. Kama misafara hiyo ndiyo iliyouleta mchezo bara, lingetarajiwa jina bao lienee pamoja nao. Badala yake lipo shina moja, -soro au -solo, lililovaa viambishi vya kila lugha na kukaa humo kama mwenyeji. Huenda wasafiri walileta kanuni za pwani, hasa nyumba na namu. Mashimo na kete waliyakuta.