Mahakama ya Wasomaji

Mwaka 1971 East African Literature Bureau ilitoa riwaya nyembamba ya kijana wa Ukerewe ambaye mwaka mmoja tu nyuma alikuwa amehitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina lake Euphrase Kezilahabi, na riwaya aliiita Rosa Mistika. Haikupita muda mrefu ikapigwa marufuku shuleni Tanzania. Aliyeisoma hakuhitaji kuelezwa sababu. Ndani yake mna mapenzi ya nje ya ndoa, mna utoaji mimba, mna wanaume wenye vyeo wanaowawinda wasichana wa shule, na mwisho mna binti anayejitoa uhai. Kwa walezi wa maadili wa miaka ile, hicho hakikuwa kitabu cha kukutwa mkobani mwa mwanafunzi.

Ila kitabu kikishakatazwa darasani, ndipo wanafunzi wanapokitafuta. Rosa Mistika iliendelea kupata wasomaji, jina la Kezilahabi likakua, na miaka baadaye riwaya ileile ikarudi shuleni kwa mlango wa mbele, ikiwa miongoni mwa vitabu vya fasihi vya sekondari, Tanzania na Kenya pia. Wasichana waliokingwa dhidi yake walikuja kuwa mama wa wasichana waliotahiniwa juu yake. Kitabu hakikubadilika. Waliobadilika ni watu wazima waliokuwa wakikipitia kwa niaba ya vijana.

Nani hasa ana haki ya kusema kitabu hiki ni kizuri, na kizuri kwa nani? Swali hilo lina umri mrefu katika Kiswahili kuliko kiwanda chochote cha uchapaji cha Afrika Mashariki. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19, hakuwa na mhariri wala mhakiki wa gazeti. Alikuwa na wasikilizaji, na kati yao walikuwamo washairi wenzake. Shairi lilipotoka lilikuwa limeomba jibu. Asiyekubaliana alijibu, tena kwa vina na mizani, na kama fumbo lilikuwa limefumbwa, alilifumbua kwanza kabla ya kurusha lake. Nyakati za uhasama wa Mombasa na Lamu, majibizano ya namna hiyo yalikuwa sehemu ya vita vyenyewe.

Utaratibu huo nauhusudu. Mtu hakuweza kusema tu "sijalipenda" akaondoka. Alitakiwa aonyeshe kwamba amelielewa. Lakini ulikuwa na kasoro yake: asiyejua kutunga hakuwa na la kusema, na mtoto hakuwamo kabisa.

Mtoto alikuwa mwenye kuandikiwa. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa wosia kuhusu dini, adabu, nyumba na mume. Ulinakiliwa na kukaririwa na wanawake wa pwani kizazi baada ya kizazi, na umewagawa wasomaji mpaka leo. Wapo wanaouona kuwa somo la kumnyenyekea mwanamume. Wengine, hasa wanawake wasomi wa miongo ya karibuni, wamemwona mama mjanja, mgonjwa aliyejua hatakaa sana duniani, anayemfundisha mwanawe namna ya kujishikia nyumba katika ulimwengu ambao wenye amri ni wanaume. Mimi naelekea kwa hawa wa pili, ingawa si kila ubeti unanipa nafasi hiyo. Ninachokiona katika mabishano yote mawili ni kwamba ni nadra mtu kuuliza Mwana Hashima mwenyewe aliupokeaje.

Gazeti ndilo lililowapa neno watu wasiokuwa malenga. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam Januari 1923, likitolewa kila mwezi na idara ya elimu ya Tanganyika. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni na lilisema ya serikali. Hata hivyo kurasa za barua na mashairi zilitekwa na wasomaji: walimu, makarani, watu wa misheni, watu wa bandarini. Nakala moja ilipita mikono mingi, na mara nyingi mmoja alisoma kwa sauti huku wengine wakisikiliza na kutia maneno. Humo ndimo jina la Shaaban Robert lilimozoeleka kabla ya kuwa na kitabu. Mtu alimjua mshairi kwa kubishana naye, ama kwa kuona wengine wakibishana naye.

Vitabu, kwa upande wao, vilikuwa na mahakama nyingine kabisa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia Januari 1930 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Kitabu cha shule kilipaswa kupita machoni pa kamati hiyo na kupata kibali. Kwa miaka mingi ya mwanzo wajumbe walikuwa Wazungu, wakiamua sentensi ipi ni Kiswahili na ipi si Kiswahili. Johnson mwenyewe alikuwa mtafsiri, na si bure kwamba mtoto wa shule wa enzi hiyo alijifunza kusoma kwa Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyotoka 1929, hadithi ya Rider Haggard ambamo Mzungu anakuja kuvumbua Afrika. Mtoto wa Kiafrika aliisoma hadithi hiyo akijitafutia mahali pa kusimama ndani yake.

Watu wa Mombasa na Lamu hawakunyamaza. Walilalamika kwamba lugha ya vitabu vile haikuwa na ladha, kwamba wenyeji wa lugha wanafundishwa na wageni namna ya kuisema. Uchungu huo uliishi muda mrefu. Unausikia bado katika Historia ya Kiswahili ya Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, iliyochapishwa 1977, karibu nusu karne baada ya mkutano ule.

Katikati ya vibali na usanifishaji kikatokea kitabu ambacho hakikujali mpaka wa mkubwa na mdogo. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, ina mtu mwema anayelazimika kuwachapa manyani wawili kila usiku, nao manyani ni ndugu zake waliomtendea ubaya. Mpe mtoto, atanaswa na manyani, na atataka kujua kwa nini wanachapwa. Mpe mhadhiri, atakuandikia kurasa juu ya utu na wema. Wote wawili wamesoma kitabu kimoja, na sidhani mhadhiri amefaidi zaidi. Kezilahabi alikuwa mmoja wa waliomchambua Shaaban Robert kwa jicho kali. Tasnifu yake ya umahiri ya 1976 ilimhusu mzee huyo kama mwandishi wa riwaya, na aliandika akiwa tayari ni mtunzi aliyekwisha kuonja kukataliwa.

Mwaka 1974 Kezilahabi alikuwa amekwisha kuchokoza nyuki kwa mara ya pili, safari hii kwa diwani ya Kichomi, ambayo mashairi yake hayakufuata vina wala mizani. Kaluta Amri Abedi alikuwa ameziandika sheria za kutunga tangu 1954, na kwa washairi wengi wa mapokeo, wakiwamo wana UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, kitu kisicho na vina hakikuwa shairi bali insha iliyokatwa vipande. Ugomvi uliingia magazetini, ukaingia vyuoni, ukazaa vitabu vya kushtaki na vya kutetea. Saadani Kandoro aliandika kitabu kizima cha kutolea ushahidi wa jadi. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakajibu kwa nadharia na kwa tungo zao wenyewe. Ni mara chache wasomaji wa Kiswahili wamegombana vizuri kiasi kile, kila upande ukinukuu, ukichambua na kutunga. Tukitaka mfano wa kubishana juu ya vitabu bila kutukanana sana, ni ule, ingawa matusi nayo hayakukosekana.

Wakati wakubwa wakigombania vina, watoto walikuwa wakisoma nini? Walisoma walichokipata. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambula ilikuwa imetoka 1965. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa imemleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Baadaye akaja Elvis Musiba na Willy Gamba wake katika Kufa na Kupona, bastola kiunoni na wanawake pembeni. Wasomi waliziita riwaya pendwa kwa sauti ya kuzishusha. Kisha likaja gazeti la Sani na katuni zake, Ndumilakuwili na Lodi Lofa, ambalo mtoto alilisoma juu ya bega la kaka yake kabla mama hajapita.

Hayo hayakuandikwa kwa ajili ya watoto. Lakini nikiwauliza watu wa rika la baba zangu wadogo ni nini kiliwafanya wapende kusoma, hawanitajii kitabu cha kiada. Wananitajia Willy Gamba. Wanakumbuka kitabu kilichotoka majalada, chenye kurasa za mwisho zilizopotea, wakalazimika kumtafuta mtu aliyekisoma kikiwa kizima ili awahadithie mwisho. Uhakiki wa vitabu wa wananchi ulikuwa huo: kitabu kibaya hakikuazimwa, na kizuri hakikurudi kwa mwenyewe.

Miaka ya 1980 ilikausha hata hicho kidogo. Uchumi ulidorora, karatasi ikawa adimu, mashirika ya umma ya uchapishaji yakayumba, na kitabu cha hadithi cha mtoto kikawa kitu cha kuonekana kwa nadra. Ndiyo maana mwaka 1991 ni mwaka wa kukumbukwa. Mwaka huo ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Canada na wahisani wengine. Mbinu yake ilikuwa ya kibiashara zaidi kuliko ya hisani. Mchapishaji wa ndani alihakikishiwa kwamba sehemu kubwa ya nakala za kitabu cha mtoto kilichokubaliwa zitanunuliwa na kupelekwa shuleni, hivyo hakuogopa kuchapa. Mwaka huohuo Walter Bgoya, aliyekuwa ameongoza Tanzania Publishing House kwa miaka mingi, alianzisha Mkuki na Nyota. Elieshi Lema na kampuni ya uchapishaji ya E & D nao wakawa na orodha yao. Ghafla palikuwa na vitabu vyenye picha za rangi ambavyo wahusika wake walikula ugali na kuishi Mbagala.

Mradi ulileta pia wasomaji wa kuipima miswada, wakiwamo walimu na watu wa fani, na hapo kazi ya kutoa maoni ilipata heshima yake. Ila ukivisoma vitabu vya kipindi kile kwa wingi, unamwona mtu mzima anayechungulia nyuma ya kila hadithi. Sungura hawezi kula karoti bila kufundisha lishe. Mtoto akipotea njia, ni kwa sababu hakumsikia bibi. Siwalaumu waandishi, walijua nani anayekubali mswada.

Upande wa Kenya nguvu zilikaa katika vitabu teule vya mtihani. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980, na Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, zilisomwa na wanafunzi wengi kuliko riwaya yoyote ambayo mtu angeichagua mwenyewe dukani. Kongowea Mswahili, mhusika mkuu wa Siku Njema, ni rafiki wa utotoni wa Wakenya wengi waliozaliwa miaka ya 1980, na Walibora alipofariki Aprili 2020 wengi walimwomboleza kwa kumtaja Kongowea. Hapo kitabu cha kulazimishwa kilipendwa kweli. Vingine vilikaririwa dondoo zake, vikafanyiwa mtihani, vikauzwa kando ya barabara wiki iliyofuata. Kenya pia ina Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyoanza 1974, na Abdilatif Abdalla alikuwa miongoni mwa washindi wa kwanza kwa Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyatunga gerezani, alikowekwa na serikali ya huyohuyo Kenyatta. Siku hizi tuzo ina makundi ya vitabu vya watu wazima, vijana na watoto.

Februari 2023 historia ikajirudia Tanzania, safari hii kwa vitabu vya Kiingereza. Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza orodha ya vitabu 16 vilivyopigwa marufuku shuleni kwa kuhesabiwa kuwa kinyume cha mila na maadili. Baadhi vilikuwa vya elimu ya jinsia. Lakini orodha ilibeba pia vitabu vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid vya Mmarekani Jeff Kinney, ambavyo mhusika wake ni mvulana mvivu, mwongo wa kiasi na mwenye kuchekesha, na ambavyo watoto duniani huvigombania wenyewe bila kusukumwa na mwalimu. Wazazi waligawanyika. Wako walioshukuru, na wako waliosema watoto wao wamevisoma miaka kadhaa na hawakuona walipoharibika. Katika yote niliyoyasoma wakati ule, sikukutana na mtoto aliyeulizwa alichokipata ndani ya vitabu hivyo.

Vitabu vile viliondolewa rafuni vikiwa vya Kiingereza, na nafasi yao haikujazwa na vya Kiswahili. Mwezi Aprili mwaka huohuo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza, na riwaya na ushairi vikapata fedha na heshima vilivyostahili. Ila mtoto wa darasa la sita anayetaka kitabu cha Kiswahili cha kumchekesha mpaka akatazwe kusoma mezani bado ana vichache sana vya kuchagua, na katika vingi kati ya hivyo vichache, mtoto mtukutu anaadhibiwa kabla ya ukurasa wa mwisho.