Dungusi Mbele ya Klabu: Bustani za Recife Zilizochelewa Kuitwa Urithi

Mwaka 1935, katika kitongoji cha Madalena jijini Recife, kaskazini-mashariki mwa Brazili, watu wa mjini walioneshwa bustani ambayo wengi wao hawakujua waitazame vipi. Hapakuwa na mawaridi wala majani yaliyokatwa kwa kamba. Katikati palisimama dungusi: mandacaru zilizonyooka mita kadhaa angani, xique-xique zilizotapanya mikono yenye miiba juu ya mawe, na pembeni miti ya nyika inayojulikana na wachunga ng'ombe kuliko na wasomi. Fikiria mtu achukue minyaa na migunga ya Dodoma, aipande mbele ya ofisi za Posta pale Dar es Salaam, kisha atangaze kwamba hiyo ndiyo fahari ya jiji.

Aliyefanya hivyo alikuwa kijana wa miaka 25, Roberto Burle Marx. Alizaliwa São Paulo mwaka 1909, baba Mjerumani, mama mwenye asili ya Pernambuco, jimbo ambalo Recife ni makao yake makuu. Alilelewa Rio de Janeiro katika nyumba ya muziki na maua. Mwaka 1928 familia ilikwenda kukaa Berlin kwa muda, na huko, ndani ya nyumba za vioo za bustani ya mimea ya Dahlem, akakutana na mimea ya Brazili imepangwa na kutunzwa kwa heshima asiyowahi kuiona kwao. Katika Brazili ya siku zile, bustani ya mtu mwenye hadhi ilifuata Ulaya. Mimea ya kienyeji iliitwa kichaka, na kichaka kilifyekwa.

Aliporudi alisomea uchoraji. Msanifu majengo Lucio Costa, jirani yao, alipoona alivyopanga ua wa nyumbani, alimpa kazi ya bustani ya nyumba moja jijini Rio mwaka 1932. Miaka miwili baadaye akaitwa Recife kusimamia bustani na viwanja vya umma chini ya serikali ya gavana Carlos de Lima Cavalcanti. Alikuta mji uliochangamka. Msanifu Luiz Nunes alikuwa ameunda idara ya majengo ya serikali iliyojenga kwa mtindo mpya wa kisasa, na pembeni yake alikuwapo Joaquim Cardozo, mhandisi aliyekuwa pia mshairi. Burle Marx akaingia katika kundi hilo na kuleta jambo ambalo kwa bustani za umma za Brazili lilikuwa geni: kwamba bustani ya watu wote inaweza kuwa sanaa ya kisasa, na kwamba malighafi yake ipo nchini.

Alianzia Casa Forte, uwanja mrefu unaoishia mbele ya kanisa, mahali palipokuwa na kiwanda cha sukari na palipopiganwa vita dhidi ya Waholanzi mwaka 1645. Aliugawa sehemu tatu, kila moja na bwawa lake. Sehemu ya katikati aliipa mimea ya Amazoni, nyingine mimea ya mataifa mengine ya Amerika, na ya tatu mimea ya ng'ambo. Humo majini akaweka yungiyungi kubwa la Amazoni, ambalo jani lake hupita mita mbili kwa upana na chini yake limejaa miiba. Ua lake hufunguka jioni likiwa jeupe, huwafungia mbawakavu ndani hadi jioni inayofuata, na usiku wa pili hufunguka tena likiwa la waridi. Mtu wa Recife ambaye asingefika Amazoni maisha yake yote aliweza kulitazama hilo akitoka ibadani.

Mwaka 1935 Burle Marx alieleza nia yake katika gazeti la mjini, Diário da Manhã. Bustani ya umma, kwa maelezo yake, ilikuwa na kazi tatu: afya, elimu na sanaa. Afya, kwa sababu jiji lenye joto linahitaji kivuli na hewa. Elimu, kwa sababu raia ajue mimea ya nchi yake. Sanaa, kwa sababu mpangilio wake ufuate kanuni za rangi, umbo na uwiano kama mchoro. Makala zile ziliandikwa kwa wasomaji wa gazeti la kila siku, na miaka sabini baadaye ndizo zilizogeuka kuwa ushahidi mkubwa mikononi mwa waliotaka kurejesha kazi yake.

Bustani ya dungusi ilikuja baada ya Casa Forte. Ilipewa jina la Euclides da Cunha, mwandishi wa kitabu cha mwaka 1902 kuhusu vita vya Canudos na maisha magumu ya nyika kame inayoitwa sertão. Burle Marx alisafiri mwenyewe bara kutafuta mimea ya kuipanda. Alipanga vitalu kwa umbo la duara lililorefuka, kimoja ndani ya kingine: dungusi na mawe katikati, miti ya sertão ikizunguka nje. Watu wa pwani walikuwa wakiiogopa sertão kwa ukame na njaa yake, na wakimbizi wa ukame walikuwa wakiingia Recife kwa miguu. Yeye akaichukua mimea ya umaskini ule na kuiweka mahali pa heshima. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo la ujasiri mkubwa zaidi alilolifanya katika maisha yake yote, kuliko hata njia za mawe ya mapambo alizozibuni kando ya ufuko wa Copacabana, zinazojulikana na kila mtalii.

Lawama hazikukawia. Magazetini alishutumiwa kwamba anataka kurudisha jiji porini. Siasa nazo zilikuwa zimechafuka: Novemba 1935 wakomunisti waliasi Natal na Recife, uasi ukazimwa, na tangu hapo kila aliyekuwa na mawazo mapya alitazamwa kwa jicho la shaka. Mwaka 1937 Luiz Nunes akafariki, Burle Marx akarudi Rio akiwa ametuhumiwa ukomunisti, na Novemba Getúlio Vargas akatangaza utawala wa kiimla uliomwondoa gavana Lima Cavalcanti. Bustani zikabaki bila aliyezibuni na bila waliomtuma.

Bustani zile hazikubomolewa, nalo hilo ndilo linaloifanya historia yake iwe ngumu kuisimulia. Jengo likivunjwa, kuna tarehe, kuna vumbi, kuna picha ya gazeti. Bustani huondoka mche kwa mche. Dungusi moja huoza, mtunza bustani asiyeambiwa kitu hupanda ua alilonalo kitaluni. Mbegu ya mwembe huangukia pembeni, mti unaota, hakuna anayeukata kwa sababu kivuli ni kizuri. Kiongozi fulani anataka maua ya rangi kwa ajili ya sherehe. Mtu mwingine anatoa zawadi ya michikichi ya mapambo. Kila mmoja ana nia njema. Baada ya miaka kadhaa mahali pale bado ni pa kijani, bado pana mabenchi, ila bustani aliyoichora Burle Marx haipo tena. Watu wa Madalena walizoea kuuita uwanja ule kwa jina la klabu ya Internacional iliyoko mkabala, na jina la Euclides da Cunha likafifia sambamba na dungusi zake.

Ajabu ni kwamba Brazili ilikuwa na sheria. Tarehe 30 Novemba 1937, wiki tatu tu baada ya mapinduzi ya Vargas, ilitungwa sheria ya kulinda urithi wa taifa, na waliofanya kazi katika ofisi iliyoisimamia, akiwemo Lucio Costa, walikuwa haohao watu wa usasa. Walilinda makanisa ya kale ya Minas Gerais, na hawakusita kulinda majengo mapya. Kanisa la Pampulha lililobuniwa na Oscar Niemeyer liliingizwa kwenye orodha mwaka 1947, miaka 12 kabla Kanisa Katoliki halijakubali kuliweka wakfu. Makao ya Wizara ya Elimu na Afya jijini Rio yakafuata mwaka 1948. Lakini bustani za umma za Recife zilisubiri. Zege lilionekana kuwa kazi ya mikono ya mtu. Mimea ilionekana kuwa kazi ya Mungu na mvua, na kisichohesabiwa kuwa kazi ya mtu hakiandikiwi hati.

Fikra zilibadilika polepole duniani kote. Mwaka 1981 wataalamu walikutana Florence, Italia, wakaandika mkataba unaosema kwamba bustani ya kihistoria ni mnara wa kumbukumbu ulio hai, na kwamba kuilinda kunadai matunzo ya kila siku pamoja na mpango wa muda mrefu wa kubadilisha mimea inayozeeka. Wabrazili nao waliandika mkataba wao wa bustani za kihistoria mwaka 2010 huko Juiz de Fora. Katikati ya miaka hiyo miwili, Recife ilikuwa imeshaanza kazi.

Walioianza walikuwa watafiti wa Maabara ya Mandhari katika Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Pernambuco, wakiongozwa na Ana Rita Sá Carneiro, wakishirikiana na halmashauri ya jiji. Walikusanya michoro ya wino ya miaka ya 1930, picha za zamani, na zile makala za Diário da Manhã. Kisha wakaingia uwanjani kuhesabu mti mmoja mmoja: upi ulikuwapo tangu mwanzo, upi uliletwa, upi ulijiotea. Urejeshaji wa bustani ya Euclides da Cunha ulikamilika mwaka 2004, na dungusi zikarudi mbele ya klabu.

Kurudisha dungusi Recife si jambo la kuchimba shimo na kumwagilia. Sertão hupata mvua isiyozidi milimita 800 kwa mwaka, na sehemu nyingine hupata nusu ya hapo. Recife, iliyoko pwani, hupata zaidi ya milimita 2,000. Dungusi inayostahimili miezi minane bila tone hufa ikisimama kwenye udongo uliolowa. Mizizi huoza na shina hulainika kuanzia chini. Kwa hiyo kitalu lazima kiinuliwe, kijazwe mchanga na mawe, maji yapate njia. Na jua lazima lifike. Hapo ndipo miti iliyojiotea inapoleta mgogoro, maana kivuli chake ndicho kifo cha dungusi na ndicho pia faraja ya bibi anayesubiri basi saa saba mchana.

Wapo wanaosema bustani iachwe ijiendee, kwamba kukata mti mzima kwa ajili ya mchoro wa mwaka 1935 ni ukatili. Ninawaelewa, maana joto la Recife si la kubeza. Lakini sikubaliani nao. Burle Marx hakuwasahau wanaohitaji kivuli. Alikiweka pembeni, chini ya ile miti ya duara la nje, ili katikati pabaki peupe. Mti uliojiotea katikati hauongezi kivuli kilichokosekana, unafuta wazo zima. Atakayetaka viwanja vyenye miembe atavipata kila kona ya jiji hilo. Bustani ya sertão iko moja.

Mwaka 2015 taasisi ya urithi wa taifa, IPHAN, iliorodhesha viwanja sita vya Burle Marx jijini humo, Casa Forte na Euclides da Cunha vikiwemo. Miaka 78 ilikuwa imepita tangu sheria ya urithi itungwe, na Burle Marx mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1994. Mwaka 2021 UNESCO nayo iliingiza katika orodha ya urithi wa dunia shamba lake la nje ya Rio, alikokusanya aina zaidi ya 3,500 za mimea.

Miongoni mwa viwanja sita vya Recife kuna Uwanja wa Jamhuri, ulioko katika eneo ambalo katika karne ya 17 gavana wa Kiholanzi Johan Maurits alijenga kasri na kupanda mamia ya minazi. Pale, karibu na ikulu ya gavana, umesimama mbuyu. Mzee wa mti, shina nene, mgeni kutoka Afrika ambaye sasa jiji humhesabu kuwa wake na kumlinda kwa sheria. Katika viwanja alivyovijaza mimea ya nchi yake, Burle Marx hakuona sababu ya kuwafukuza wageni waliokwisha kushika mizizi. Hata Casa Forte aliwapa sehemu yao. Alichopinga ni nchi kujionea haya mimea yake.

Kazi iliyobaki sasa ni ya mikono. Uamuzi wa kuorodhesha huzuia tingatinga, ila hauzibui mfereji ulioziba katika kitalu cha dungusi wala haupalilii bwawa la Casa Forte, ambalo yungiyungi zake hudai maji safi na nafasi ya kutandaza majani. Zinahitajika zamu za watunza bustani wanaoitambua xique-xique changa na kuitofautisha na gugu, wenye mchoro mkononi na mamlaka ya kukataa zawadi ya maua yasiyohusika. Zinahitajika pia dungusi za kupandikiza zinapokufa zile za sasa, na hizo hutoka bara, katika uoto uitwao caatinga, ambao karibu nusu yake imeshafyekwa kwa kuni, makaa na malisho. Miaka ya 1930 Burle Marx alisafiri kwenda kuchagua alichokitaka. Warejeshaji wa leo hutafuta mimea ileile katika nyika iliyopungua, na kwa hiyo bajeti ya uwanja mmoja wa mjini inapaswa iguse pia vitalu vya miche huko sertão.