Pampu Ilipohamia Ndani ya Tangi

Ukisema "pampu" hapa Ishiara, watu wengi watafikiria kwanza ile ya kituo cha mafuta, ile unasimama mbele yake na kumwambia jamaa wa kituo, "Niwekee ya mia mbili, boss." Mimi nataka kuzungumzia ile nyingine, iliyo ndani ya gari, ambayo madereva wengi hawajawahi kuiona kwa macho. Pampu hizi mbili zina kesi kati yao. Vile tunavyonunua mafuta kwenye ya kwanza ndivyo tunavyoichosha ya pili, na ili kuelewa kwa nini, inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwanzoni gari nyingi hazikuwa na pampu. Ford Model T, iliyotengenezwa kati ya 1908 na 1927, kwa miaka mingi ilikuwa na tangi chini ya kiti cha dereva, juu kidogo ya kabureta. Petroli ilishuka yenyewe, kama maji kutoka tangi la juu ya nyumba. Shida ilikuwa milima. Mlima ukiwa mkali na mafuta yakiwa kidogo, kabureta ilikuwa juu kuliko petroli, na injini ikazima. Dawa yake madereva waliijua: geuza gari, panda kinyumenyume. Hebu fikiria kutoka Ishiara hadi Runyenjes ukiangalia nyuma safari nzima.

Tangi lilipohamishwa nyuma ya gari, kitu fulani kilibidi kivute mafuta hadi mbele. Ndipo ikaenea pampu ya dayaframu, iliyofungwa ubavuni mwa injini. Kazi yake ni rahisi kueleza. Injini ikizunguka, inasukuma mkono mdogo wa chuma. Mkono unavuta dayaframu, ambayo ni kama ngozi ya ngoma, na petroli inaingia kupitia vali moja. Springi inairudisha dayaframu, na petroli inatoka kupitia vali ya pili kwenda kwa kabureta. Haina waya wala kompyuta.

Pampu ya aina hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye Peugeot 404 za kabureta, gari ambayo wazee wa hapa Kenya bado wanaitaja kwa heshima. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika mashindano ya 1963 na 1968 ni gari 7 tu zilizofika mwisho. Pikapu zake zilibeba watu na mizigo mashambani kwa miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza 404 za kawaida mwaka 1975.

Lakini pampu hiyo ilikuwa na adui, na adui huyo anaishi Ishiara. Tuko Mbeere Kaskazini, upande wa chini wa Kaunti ya Embu, karibu na mto Thuci. Ukishuka kutoka Runyenjes unaacha kahawa nyuma na unaingia kwenye ndengu, muguka na jua kali. Sehemu nyepesi za petroli huchemka mapema sana kuliko maji, na zikivutwa badala ya kusukumwa, huchemka mapema zaidi. Pampu iliyokaa ubavuni mwa injini ya moto, ikivuta petroli kutoka mbali, ilijaa mvuke badala ya mafuta, na gari ikasimama. Dereva alifungua boneti, akaifunika pampu kwa kitambaa chenye maji, akangoja. Dayaframu ikipasuka, petroli ilivuja na ukainusa. Ugonjwa ulikuwa nje, mbele ya macho ya kila mtu, na fundi mwenye spana chache aliweza kuutibu barabarani.

Pampu iliondoka hapo kwa sababu ya moshi wa mbali. Jimbo la California, lililochoshwa na hewa chafu ya Los Angeles, lilianza kuweka viwango vya moshi wa magari katika miaka ya 60. Kabureta ilipata shida kupima mafuta kwa usahihi uliotakiwa. Mwaka 1967 Bosch ilileta mfumo wa kielektroniki wa injekta kwenye Volkswagen 1600 zilizouzwa Marekani, na Wajapani nao wakaingia njia hiyo. Injekta zinahitaji presha kubwa, mara nyingi karibu mara kumi ya ile ya kabureta. Pampu ya dayaframu haikuiweza kazi hiyo. Ikaja pampu ya umeme, na baada ya muda watengenezaji wakaizamisha ndani ya tangi lenyewe. Hapo inasukuma mafuta badala ya kuyavuta kutoka mbali, kwa hivyo mvuke hausumbui sana. Na ndiyo, ni mota ya umeme inayozunguka ndani ya petroli. Haiwaki moto kwa sababu pale ndani hakuna hewa ya kutosha kuwasha chochote.

Sisi hatukuulizwa. Gari zilikuja tu, nyingi zikiwa zimetumika Japan, na sheria yetu ya kutoruhusu gari iliyozidi miaka 8 ikahakikisha kwamba kabureta hazirudi. Leo gari ya Ishiara ni Toyota Probox, iliyozinduliwa mwaka 2002. Inabeba watu, inabeba muguka, na pampu yake iko gizani ndani ya tangi.

Sasa turudi kwa ile mia mbili. Pampu ya ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe, ile inayopita katikati ya mota na ile inayoizunguka. Watu husema mafuta yakiwa kidogo pampu inavuta uchafu wa chini. Si hivyo hasa, kwa maana inavuta kutoka chini kila siku, tangi likiwa limejaa au la. Hatari kubwa ni joto na ukavu. Petroli ikibaki kidogo, inapata moto haraka. Kwenye kona na mlima inakimbilia upande mmoja, na pampu inameza hewa. Mota inazunguka bila cha kuipoza wala kuilainisha.

Ile pampu ya 404 haikujali sana kama tangi lina lita 2 au 40. Hii inajali. Lakini tabia ya kununua ni ile ile, na si ujinga. Oktoba 2023 bei ya petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36, kwa hivyo mia mbili haikununua hata lita moja. Tena dereva wa Probox mara nyingi si mwenye gari. Analeta hesabu jioni, na mafuta anayobakisha yanaweza kuwa zawadi kwa dereva wa kesho. Kwa nini ajaze?

Pampu ikianza kuchoka, haivuji barabarani kama zamani. Inabidi usikilize. Mlio wa juu kutoka nyuma, ambao haukuwepo mwezi jana, ni onyo. Gari inayokimbia vizuri kwenye tambarare lakini inakosa nguvu mlimani ikiwa na mzigo ni onyo lingine, ingawa filta iliyoziba huleta dalili hiyo hiyo. Inayozima ikipata moto, kisha inawaka baada ya kupoa, inakaribia mwisho. Gari nyingi hutoa mlio wa sekunde mbili hivi ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, lakini kwenye Toyota kadhaa pampu huanza tu stata ikizunguka, kwa hivyo kimya peke yake si ushahidi. Angalia fyuzi na rilei kwanza, halafu fundi apime presha kwa gej kabla hujanunua pampu mpya. Kugonga tangi chini kunaweza kuiamsha pampu iliyokwama. Ikiamka, nenda gereji, usiende safari.

Gharama ya haya yote haigawanywi sawa. Muguka ukinyauka njiani, mkulima anapoteza. Pampu ikiungua, mwenye gari analipa, na dereva anakaa siku bila kazi. Mahali fulani California hewa ni safi kidogo kuliko ilivyokuwa, na hilo ni jambo zuri. Ila ile pampu ilitengenezewa watu wanaojaza tangi. Mwenye Probox akikubaliana na dereva wake kwamba gari inarudi jioni ikiwa na robo tangi, na robo hiyo ihesabiwe kwenye hesabu, atakuwa ameilinda kuliko fundi yeyote.