Nafasi ya Mke wa Mrithi wa Kiti katika Kasri la Joseon: Maisha ya Bibi Hyegyeong

Katika dola ya Joseon, iliyotawala rasi ya Korea kuanzia 1392 hadi 1897, mke wa mrithi wa kiti alikuwa ofisa wa dola kabla ya kuwa mke wa mtu. Mwenye cheo hicho, aliyeitwa sejabin, alichaguliwa kwa utaratibu maalumu, akatawazwa kwa hati ya mfalme, akapewa watumishi, na aliweza kuvuliwa cheo kwa amri ya mkwe wake. Wengi wao hawajulikani ila kwa jina la ukoo na mwaka wa kufa. Anayejulikana kwa undani zaidi ni Bibi Hyegyeong wa ukoo wa Hong (1735–1816), kwa kuwa uzeeni aliandika habari zake mwenyewe. Aghalabu husomwa kama mjane aliyeonewa, mke wa mwana wa mfalme aliyefia ndani ya kasha la mchele. Usomaji huo haukosi ukweli, lakini ni nusu ya habari. Matendo yake ni ya mtu aliyeijua vyema sheria ya cheo chake, akaitumia kuokoa kile ambacho sheria hiyo iliruhusu kiokolewe.

Udhaifu wa cheo chenyewe ulikwisha kuonekana karne tatu kabla yake. Mfalme Sejong aliwafukuza wake wawili wa mwanawe, Munjong wa baadaye, mmoja baada ya mwingine: wa kwanza mwaka 1429, kwa kutumia uganga ili apendwe na mumewe, na wa pili mwaka 1436, kwa tuhuma za mapenzi na mjakazi wa kasri. Mkasa wa Bibi Kang ni mzito zaidi. Yeye na mumewe, mrithi Sohyeon, walikaa Shenyang kama mateka wa Wamanchu kuanzia 1637 hadi 1645. Miezi michache baada ya kurudi mume akafa, na mwaka 1646 mkwe wake akaamuru anyweshwe sumu. Bibi Kang alikuwa na watoto wa kiume, lakini mfalme alikwisha kumteua mdogo wa marehemu kuwa mrithi. Kwa hiyo kuzaa mtoto wa kiume hakukutosha. Kinga ya mwanamke huyu ilikuwa mwana anayetambuliwa na mfalme kuwa ndiye atakayerithi, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua maisha ya Bibi Hyegyeong.

Uchaguzi wake ulifanyika mwaka 1743. Kwa desturi, mrithi alipofikia umri wa kuoa, kasri lilipiga marufuku ndoa za mabinti wa koo za kiungwana wenye umri unaofaa, na kila nyumba ikatakiwa kupeleka jina la bintiye. Wasichana waliitwa kasrini mara tatu, na kila mara walipungua. Familia nyingi hazikuipenda heshima hii, maana gharama ya nguo ilikuwa kubwa na bahati ya kuchaguliwa ilikuwa ndogo. Hong Bong-han, baba yake, alikuwa wa ukoo mkubwa lakini bado hakuwa na cheo kikubwa serikalini. Mtihani wa utumishi aliufaulu mwaka 1744, mwaka ule ule wa arusi ya bintiye. Sketi ambayo msichana aliivaa mbele ya mfalme ilishonwa kwa kitambaa kilichowekwa kwa ajili ya harusi ya dada yake aliyekwisha kufariki, na bitana yake ilitoka katika nguo kuukuu. Pesa nyingine zilikopwa. Kadiri duru zilivyoendelea jamaa ambao hawakuwa wakifika nyumbani walianza kumiminika, na baada ya duru ya tatu msichana hakurudi tena kwao.

Alipelekwa kwenye nyumba ya maharusi, akakaa huko karibu miezi miwili akifundishwa na baba yake kitabu cha *Sohak*, msingi wa maadili ya Kikonfusio. Arusi ilifungwa mwanzoni mwa 1744. Kwa hesabu ya Wakorea wa wakati huo bwana na bibi arusi walikuwa na miaka 10. Kwa hesabu ya kutimiza mwaka, bibi arusi hakuwa hata na 9. Mfalme Yeongjo, baba wa bwana arusi, mwenyewe alimpa mawaidha: awe mpole kwa mumewe, asionyeshe nguo zake za ndani ovyo, asiache alama ya rangi nyekundu ya vipodozi kwenye kitambaa cha kujipangusia, na macho ya mumewe yakitangatanga kwa wengine ajifanye hakuona. Mfalme alikuwa akimpa ofisa mpya masharti ya kazi. Kwamba ofisa mwenyewe alikuwa mtoto halikumsumbua yeyote aliyekuwapo.

Siku zake zilipimwa kwa maamkizi. Kila siku ya tano alipaswa kuwaamkia malkia wawili, Inwon aliyekuwa mjane wa Mfalme Sukjong, baba yake Yeongjo, na Jeongseong aliyekuwa mke wa Yeongjo, na kila siku ya tatu Bibi Seonhui, suria wa mfalme na mama mzazi wa mumewe. Kuamkia kulifanyika alfajiri, kwa mavazi kamili na nywele zilizopangwa kwa taratibu zake. Aliyechelewa au kuvaa vibaya hakuingia. Msichana alilala kwa wasiwasi, akiwategemea wanawake wawili aliokuja nao kutoka kwao, yaya na mjakazi wake Bongnye, wamwamshe kabla ya kucha, kiangazi kwa kipupwe.

Mawasiliano na wazazi nayo yaliwekewa mipaka na baba yake. Hong Bong-han hakutaka karatasi zenye mwandiko wa kasrini zizagae nje. Binti alijibu barua za nyumbani kwa kuandika kwenye karatasi zile zile walizomletea, na nyumbani karatasi hizo zilikusanywa na kuoshwa hadi wino utoke. Ndiyo maana maandishi ya ujana wake hayakusalia kwao.

Cheo kilitaka mtoto wa kiume, naye alimpata mapema. Uiso alizaliwa 1750 akafariki 1752; mwaka huo huo alizaliwa Yi San, atakayekuwa Mfalme Jeongjo. Mabinti wawili walifuata, 1754 na 1756. Wakati huo mumewe, anayejulikana kwa jina alilopewa baada ya kufa, Sado, alikuwa tayari amevunjika. Mkewe alitafuta chanzo chake mbali: kichanga alitengwa na wazazi wake, akalelewa katika jumba la mbali na watumishi wa malkia aliyekwisha kufa ambao hawakumheshimu mama yake mzazi. Yeongjo alimpenda na kumwogopesha kwa pamoja. Mwaka 1749 alimkabidhi sehemu ya kazi za utawala, na tangu hapo mwana akawa mkosaji kila upande: akiomba ushauri alikaripiwa kwa kutojiamulia, akijiamulia alikaripiwa kwa kutoshauriana. Kuna jambo moja dogo linaloeleza mengi. Yeongjo alikuwa na mazoea ya kumwita mwanawe, kumwuliza swali, kusikia jibu, kisha kuagiza maji na kuosha masikio yake.

Mwaka 1757 walifariki malkia wote wawili waliokuwa wakimkingia kifua mwana huyo. Katika kiangazi cha mwaka huo alimkata kichwa towashi Kim Han-chae, akakiingiza ndani na kuwaonyesha wanawake wa nyumba yake. Baadaye ikaja hofu ya nguo: kwa vazi moja lililokubalika ilibidi yaandaliwe kumi, ishirini, hata thelathini, mengine yakachomwa kwa ajili ya mizimu. Aliyemvisha alikuwa hatarini. Suria wake mmoja alipigwa hadi kufa mwaka 1761 katika hali hiyo. Bibi Hyegyeong mwenyewe alirushiwa ubao wa mchezo wa baduk ukampata karibu na jicho, akalazimika kukaa ndani asionekane. Aliiita hali hii maradhi, si uovu. Neno hilo alilichagua kwa makusudi: mgonjwa anaweza kufa pasipo hatia, na asiye na hatia hawarithishi watoto wake aibu.

Hapo ndipo palipo kiini cha tukio la 1762. Katika kiangazi cha mwaka huo Bibi Seonhui, mama mzazi wa Sado, alimwomba mfalme amwondoe mwanawe ili mjukuu apone. Tarehe 4 Julai, katika kasri la Changgyeong, Yeongjo alimwamuru Sado ajiue. Maofisa wake walimzuia kila alipojaribu. Upanga na sumu vilikuwa adhabu za mhalifu, na adhabu ya mhalifu wa dola iliwafikia mkewe na watoto wake. Kama Sado angeuawa kwa hukumu, Yi San angekuwa mtoto wa mhaini, na hapakuwa na mrithi mwingine wa damu hiyo asiyekuwa mtoto wa Sado. Likaletwa kasha la mchele. Sado aliingia, likafungwa, akafariki siku ya nane. Kasha hilo limesimuliwa mara nyingi kama kilele cha ukatili, na ukatili ulikuwapo; lakini lilikuwa pia njia ya kuua pasipo kuhukumu.

Siku ile Bibi Hyegyeong alishika kisu ili ajiue, kikanyang'anywa. Kwa kuwa mumewe alishushwa kuwa raia wa kawaida kabla ya kufungiwa, yeye na watoto nao hawakuwa na haki ya kubaki kasrini; waliondoka kwenda kwa baba yake. Sado alipofariki mfalme alimrudishia cheo, na mjane akarejeshewa chake. Alilolifanya baada ya hapo ndilo linaloupinga usomaji wa mwanamke aliyeonewa tu. Alipokutana na Yeongjo kwa mara ya kwanza, miezi michache baada ya kifo, hakulalamika. Alimshukuru kwa kuwabakizia uhai yeye na mwanawe, kisha akamwomba amchukue kijana na kumlea katika kasri lake mwenyewe. Mama alijitenga na mtoto wa pekee wa kiume aliyebaki ili kati ya babu na mjukuu usije ukazuka utengano ule uliomwangamiza Sado. Yeongjo aliguswa, akalipa makazi yake jina la Gahyodang la kusifu utiifu wake. Uamuzi huu ulikuwa wa kisiasa kuliko mengi yaliyoamuliwa na mawaziri mwaka ule.

Gharama yake ilizidi alivyotazamia. Mwaka 1764 Yeongjo alimfanya Yi San kuwa mwana wa kisheria wa Hyojang, kaka mkubwa wa Sado aliyekuwa amefariki mwaka 1728. Tangu hapo mrithi hakuwa mwana wa mtu aliyefia kashani, na Bibi Hyegyeong hakuwa tena mama yake mbele ya sheria. Kwa hiyo Jeongjo alipotawazwa mwaka 1776 mama yake hakuweza kuwa malkia mama. Alipewa cheo cha pembeni chenye jina Hyegyeong, huku nafasi ya juu ikishikwa na Malkia Jeongsun, aliyeolewa na Yeongjo mwaka 1759 na ambaye alikuwa mdogo kuliko yeye kwa miaka 10. Mwaka huo huo wa 1776 ami yake, Hong In-han, aliuawa kwa amri ya mfalme mpya. Mwana alimpenda mama na kuwaadhibu jamaa za mama. Katika siasa za kasri mambo hayo mawili hayakugongana.

Mwaka 1795 ulimpa fidia kubwa kuliko zote. Jeongjo alimpeleka Hwaseong, Suwon ya leo, kwa safari ya siku nane, kuadhimisha miaka yake 60. Mto Han ulivukwa kwa daraja la mashua zilizofungwa pamoja. Karamu ilifanyika katika jumba la Bongsudang, na msafara ulizuru kaburi la Sado, ambaye kama angekuwa hai angetimiza 60 mwaka huo huo. Taarifa rasmi iliyochapishwa ina michoro ya maelfu ya watu na farasi, lakini mfalme hachorwi: farasi wake anaonekana na tandiko tupu. Mama naye haonekani, ila machela yake.

Mwaka huo ndipo alipoanza kuandika, baada ya mpwa wake kumwomba aachie ukoo kumbukumbu ya mwandiko wake. Sehemu nyingine tatu aliziandika 1801, 1802 na 1805, baada ya Jeongjo kufariki mwaka 1800 na mdogo wake Bibi Hyegyeong, Hong Nak-im, kuuawa 1801. Zote ziko katika hangul, alfabeti ya Kikorea, na kwa jumla zinaitwa *Hanjungnok*. Sehemu tatu za baadaye zinamlenga mjukuu wake, Mfalme Sunjo, na ni utetezi wa wazi wa ukoo wa Hong, hasa wa baba yake aliyeshutumiwa kuwa ndiye aliyependekeza kasha. Anachosema juu ya baba yake hakina budi kupimwa kama kauli ya wakili. Hata hivyo, mwanahistoria hana pa kukimbilia: mwaka 1776 Jeongjo, akiwa bado mrithi, alimwomba babu yake kumbukumbu za ofisi ya makarani wa mfalme zinazohusu mkasa wa 1762 zifutwe, na karatasi zake zikaoshwa mtoni kama zilivyooshwa barua za msichana wa miaka kumi. Kwa habari za ndani ya nyumba ya Sado, ushahidi wa mjane ndio karibu pekee uliosalia. Usahihi wake unaonekana zaidi pale asipomtetea mtu: kwenye nguo, maamkizi, maradhi na maneno ya mezani.

Bibi Hyegyeong alifariki Januari 1816 akiwa na miaka 80, akazikwa pamoja na mumewe karibu na Suwon. Cheo cha malkia alikipata mwaka 1899, miaka 83 baada ya kufa kwake, wakati mtawala Gojong alipompandisha Sado kuwa mfalme.