Historia ya Maandishi ya Vipofu

Sisi tukaao karibu na Mto Kilombero twajua maana ya kivuko. Mtu aweza kuwa na miguu yenye nguvu, na haja yake iko ng'ambo. Walakini pasipo chombo ataketi ukingoni mpaka jua litue. Leo nataka kuwapa habari za chombo kidogo sana kilichowavusha vipofu wengi wakafika penye elimu, nacho ni maandishi ya nukta nundu.

Zamani, hata huko Ulaya, vipofu wengi waliishi kwa kuomba kando ya njia, kama Bartimayo wa Yeriko. Katika miaka ya 1780 Mfaransa mmoja, Valentin Haüy, alifungua shule ya vipofu mjini Paris, akawapigia chapa vitabu vyenye herufi zilizoinuka juu ya karatasi, ili wazipapase. Kazi ilikuwa njema, lakini herufi zilikuwa zile zile za wenye macho. Vitabu vilikuwa vikubwa na vizito, kusoma kulikwenda polepole mno, na kipofu hakuweza kujiandikia barua.

Mwaka 1819 mtoto wa miaka 10, jina lake Louis Braille, aliingia katika shule hiyo. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi katika kijiji cha Coupvray. Mtoto alipokuwa wa miaka mitatu alichezea chombo chenye ncha cha baba yake, kikamchoma jicho. Ugonjwa ukaingia jicho la pili, akapofuka kabisa. Hata mwaka 1821 shule ilipata habari za maandishi ya nukta yaliyobuniwa na askari Charles Barbier. Nukta za Barbier zilikuwa 12, na kidole kimoja hakikuweza kuzishika zote kwa mara moja. Barbier alikuwa na macho. Braille alijua haja ya kidole. Akazipunguza zikawa sita, na mwaka 1824, naye ni kijana wa miaka 15, kazi yake ilikuwa tayari. Ikapigwa chapa mwaka 1829. Walakini wakubwa wenye macho hawakuipokea upesi. Braille alifariki mwaka 1852, na shule yake mwenyewe iliikubali rasmi mwaka 1854.

Nukta hizo hupangwa safu mbili zilizosimama. Kushoto ni 1, 2 na 3, toka juu hata chini; kulia ni 4, 5 na 6. Herufi a ni nukta 1 peke yake. M ni nukta 1, 3 na 4. Basi aandikaye m na a, kisha tena m na a, ameandika neno mama. Kwa nukta sita hupatikana alama 63. Kipofu hutumia kibao chenye vijitundu na msumari mfupi wenye mpini. Hutoboa toka kulia kwenda kushoto, kisha hugeuza karatasi akasoma toka kushoto kwenda kulia. Tangu mwaka 1951 iko pia mashine ya Perkins, iliyobuniwa na mwalimu David Abraham huko Marekani, yenye vibonye sita, kila kibonye kwa nukta yake. Siku hizi ziko na simu zisomazo kwa sauti, lakini mtoto asikiaye tu hajui neno linavyoandikwa.

Katika nchi zetu kazi hii ilianzishwa na Wakristo. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianza Thika, Kenya, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Mwaka 1950 Waanglikana walifungua shule ya Buigiri, Dodoma. Wakatoliki wakafungua Furaha, Tabora, mwaka 1962. Nao Walutheri Irente, Lushoto, mwaka 1963.

Na kwetu je? Katika milima ya Mahenge usubi umewapofusha watu wengi. Surua na vikope navyo vimeharibu macho ya watoto. Mimi mwenyewe nina deni. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, mzee mmoja aliniletea binti yake asiyeona. Nikamwambia, "Mzee wangu, ubao hatauona; afadhali akae nyumbani." Walipoondoka, yule mtoto alizihesabu ngazi za shule kwa sauti hata ya mwisho, wala hakukosea. Akili ilikuwapo, mimi sikujua chombo cha kumvushia, nami nilidhani upungufu ni wake.

Tangu mwaka 2018 daraja kubwa limepita juu ya mto wetu, wala hatungojei tena pantoni. Basi, akitokea mtoto asiyeona kijijini mwenu, mpelekeni hospitali kwanza, maana macho mengine hupona. Yasipopona, mwendeeni afisa elimu wa wilaya, mkaulize habari za shule. Msimfiche ndani kwa aibu, wala msimfundishe kuomba. Nasi walimu tujifunze nukta hizo sita, ili mzazi mwingine asirudishwe mlangoni kama nilivyomrudisha yule mzee.